Jibu la Kwenda Kigoma

Ujumbe wa sauti uliingia baada ya swala ya magharibi. Ulikuwa wa dakika nne. Mama wa kijana aliyeutuma hana desturi ya kusikiliza jambo zito peke yake, kwa hiyo akaja nao barazani, akaweka simu juu ya ndoo iliyofudikizwa, tukausikiliza sote mara mbili. Kijana wetu anafundisha Kifaransa katika shule moja ya binafsi mjini Kigoma. Alivuka ziwa Januari mwaka huu akiwa na mkataba wa miaka miwili. Sasa ni Agosti, na shule moja ya Lubumbashi inamtaka awe prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule: mshahara kwa dola, karibu mara tatu ya ule wa Kigoma, na nyumba ya kukaa. Sharti lao ni moja, awe amefika Jumatatu ya kwanza ya Septemba, mwaka wa shule unapofunguliwa. Mwishoni akauliza, "Niwajibu nini?", kisha akanyamaza, tukabaki kusikia pikipiki zikipita huko ng'ambo ya Tanganyika.

Mimi nilikabidhiwa kazi ya kuandika jibu, kwa sababu ndimi ninayesifiwa hapa Kasongo kwa kuandika bila kukosa herufi. Majina ya watu sitayataja, wala ya shule hizo mbili. Nimezipanga sauti kwa namna nilivyozielewa, na pale niliposhindwa kunyamaza nimejitia na mimi.

Ugomvi wote umetoka kwenye kalenda. Kwetu Congo mwaka wa shule unaanza Septemba na kwisha katikati ya mwaka unaofuata. Tanzania unaanza Januari, na mwezi Novemba kidato cha nne wanakaa kwenye mtihani wa taifa. Kwa hiyo Congo inapofungua milango, darasa la Kigoma limebakiza wiki kama kumi tu. Mwalimu anayevuka ziwa kurudi nyumbani hawezi kuingia mwanzoni mwa mwaka wa huku bila kuvunja wa kule.

MAALIM wa madrasa ndiye aliyetangulia, kama kawaida yake.

MAALIM: Ametia sahihi au hakutia?

MAMA: Ametia.

MAALIM: Basi tunajadili nini? Sura ya Al-Maida inafungua kwa kuwataka waumini watimize mikataba. Haikusema mikataba yenye mshahara mzuri. Mtu alikubali miaka miwili akiwa na akili zake, hakushikiwa bunduki. Amalize, halafu Lubumbashi itakuwepo palepale, haiendi popote.

MAMA: Maalim, nakuheshimu, umenisomeshea watoto wanne. Lakini naomba nikuulize. Huyu mtoto alifundisha Kabambare miaka sita. Nani alimtimizia?

Hapo msomaji wa mbali anahitaji kuambiwa kitu ambacho barazani hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu mwalimu anaweza kufundisha miaka na miaka bila kuwa mwalimu machoni pa serikali. Faili lake linapelekwa idara ya kuhesabu na kulipa walimu, iliyokuwa ikiitwa SECOPE, na mpaka apate namba yake na kuingizwa kwenye orodha ya malipo yeye ni NU, "mpya", hata akiwa na mvi. Zamani wazazi ndio waliowashikilia watu hawa, kwa primu iliyokusanywa kila mwezi, nyingine ikilipwa kwa mchele au debe la mawese. Septemba 2019 serikali ya Tshisekedi ikatangaza elimu ya msingi bila malipo. Watoto wakajaa madarasani, jambo jema kabisa. Primu ikakatazwa, nalo ni jema. Ila NU aliyekuwa akila kupitia hiyo primu akabaki na chaki mkononi na mfuko mtupu.

MAMA: Miaka sita. Kila mwaka wanakuja kuhesabu, wanaandika jina, wanakwenda. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mchele Kabambare, mwalimu mzima mwenye diploma, juu ya baiskeli ya watu. Leo amepata mtu wa kumwita prefe na kumlipa, mnaniambia ahadi? Ahadi gani ya upande mmoja?

KIJANA WA SALAMABILA: Mama amemaliza. Mimi nilikuwa naye shule ileile. Nilipochoka nikaenda dhahabuni. Mnaujua mgodi wa Namoya: kampuni ya Banro ilipoanza uzalishaji wa kibiashara 2016, kila mwenye kalamu Kabambare alitafuta kazi pale, ukarani, ulinzi, hata kupika. Wenye bahati waliingia ndani ya uzio. Mimi nikashika sururu nje ya uzio. Wiki moja nzuri kwenye shimo ilikuwa inanipa kuliko wazazi walivyonipa kwa muhula mzima. Hakuna aliyeniita barazani kuniuliza kuhusu watoto wa darasa la tano.

MZEE: Wangekuuliza ungejibu nini?

KIJANA WA SALAMABILA: Ningewajibu hivi hivi. Mwalimu akibaki bila kulipwa mnamwita mzalendo, akiondoka mnamwita msaliti. Kila siku deni ni la mwalimu. Wanaomdai mwalimu mbona wapo wengi, na anayedaiwa na mwalimu haonekani?

MAALIM: Mwanangu, maneno yako ni kweli, ila umeyapeleka mlango usio wao. Aliyemdhulumu kijana wetu ni nani? Kinshasa. Sasa mwenye shule wa Kigoma amekosa nini? Analipa kila mwezi?

MAMA: Analipa.

MAALIM: Tarehe yake?

MAMA: Tarehe yake. (Alilisema hili kwa sauti ndogo.)

MAALIM: Basi mnataka Mtanzania alipe deni la Kinshasa.

Nakiri hapo nilidhani mjadala umekwisha. Sijawahi kumpenda Maalim katika mabishano, kwa sababu anakuachia useme yote, halafu anachukua neno moja la kwako na kukufungia nalo mlango. Lakini KARANI wa mahakama ya amani alikuwa na picha ya mkataba kwenye simu yake. Kijana alimtumia yeye kwanza, kabla ya mama yake, jambo ambalo mama alilisikia pale pale na bado halijaisha.

KARANI: Tuache dini kidogo, na tuache uchungu. Tanzania wana Kanuni za ajira za mwaka 2007. Kwenye kanuni ya sita wamesema wazi: mfanyakazi wa mkataba wa muda maalumu haachi kazi katikati ila mwajiri awe amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Si kama ajira ya kudumu, ambako unatoa taarifa ya siku 28 na kwenda zako.

MAMA: Kwa hiyo amefungwa.

KARANI: Sijafika, mama. Kanuni hiyohiyo inaendelea: kama mwajiri hakukosa, mfanyakazi anaweza kumwendea waafikiane wauvunje pamoja. Ndiyo kusema mlango upo, ila ufunguo anao mwenye shule. Na huyu alimlipia kibali cha kazi na cha ukaazi, na kibali cha kule kimefungwa kwenye kazi ile na mwajiri yule. Akiondoka, zile pesa za kibali zimeliwa bure. Mimi ningekuwa yeye ningekwenda na hesabu: vibali ni kiasi hiki, miezi iliyobaki ni hii, nikatwe hivi.

KIJANA WA SALAMABILA: Na akikataa?

KARANI: Akikataa, atamshitaki mtu aliyeko Lubumbashi? Nauli tu ya kumfuata inazidi deni. (Watu wakacheka.) Nasema sheria, sisemi ujanja.

Mjomba mmoja, ambaye huja barazani kwa ajili ya tangawizi zaidi kuliko mazungumzo, akakumbusha kwamba mji huu wenyewe ulijengwa na watu wa mikataba. Tippu Tip alikuwa na makao yake hapa Kasongo, na mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls chini ya mfalme Leopold kwa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1890 akaondoka kwenda Unguja na hakurudi tena. Mwanawe Sefu ndiye aliyebaki na vita, na tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Leopold chini ya Dhanis. "Mnaona," mjomba akasema, "anayeondoka mapema anakufa kitandani." Maalim alimtazama mpaka akarudia kikombe chake. Mfano haukuwa wa mwalimu, lakini mpaka leo sijapata namna ya kuukanusha.

MZEE alikuwa bado hajasema lake. Yeye ni mwalimu mstaafu. Alifundisha Kabambare na Kasongo zaidi ya miaka thelathini, na nusu ya watu waliokuwepo pale aliwahi kuwapiga viboko.

MZEE: Mimi nilisoma sekondari Bukavu. Mnasahau nchi hii ilipata uhuru ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiozidi 30. Wabelgiji waliokuwa wakifundisha wakaondoka kwa wingi. Nani aingie darasani? UNESCO ikawatafuta watu duniani, wenye Kifaransa, na waliokuja kwa mamia walikuwa Wahaiti. Weusi kama sisi, wanasema Kifaransa kuliko Mbelgiji. Kwetu sisi watoto lilikuwa jambo la kustaajabisha. Ulikuwa hujawahi kuona mtu mwenye ngozi yako akiandika hesabu za herufi ubao mzima bila kutazama kitabu.

Wetu alikuwa wa hisabati. Mrefu, viatu vyake vinang'aa hata masika. Alitufundisha mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1966, baada ya likizo ya Pasaka, hakuja. Tukaambiwa ameitwa Canada, jimbo la Québec. Baadaye nilipokua nikaelewa: Québec walikuwa wameunda wizara yao ya elimu mwaka 1964, wanafungua shule kila mahali, wanataka walimu wa Kifaransa. Wakawachukua Wahaiti wengi, wa kule kwao na wa huku kwetu pia.

MAALIM: Unaona. Aliwaacha.

MZEE: Subiri. Huyu mtu kwao kulikuwa na Duvalier tangu 1957. Hakuwa na nyumbani pa kurudi. Congo ilimpa mkataba, mkataba ukiisha aende wapi? Na sisi tulikuwa tumetoka kwenye vita vya Simba, ameyaona yale kwa macho yake. Québec walimpa karatasi ya kukaa, yeye na wanawe. Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na sijawahi kumlaumu. Ningefanya kama yeye.

MAMA: Basi, Mzee umesema.

MZEE: Sijasema, mama. Nakwambia kilichobaki. Alipoondoka tulikuwa kwenye milinganyo ya daraja la pili. Alikuwa ametufundisha nusu: jinsi ya kuipanga, bado jinsi ya kuitegua. Akaandika mmoja ubaoni Ijumaa, akasema Jumatatu baada ya likizo tutaumaliza. Hakuna aliyeufuta. Tulikuwa tunaingia kila siku tunaukuta. Mwalimu mwingine alipopatikana, mwaka mwingine umeanza, naye akaanzia pengine. Mimi mpaka nilipokwenda kusomea ualimu sikujua kuutegua. Nilijifunza mwenyewe nina miaka 23, usiku, kwa aibu. Wenzangu wawili walifeli, wakaacha. Mmoja alikuwa ananizidi akili mara kumi. Amekufa akiwa mvuvi.

Palikuwa kimya. Mzee akamalizia kwa kusema kwamba hamdai yule Mhaiti miaka yake iliyobaki ya mkataba. Anamdai Jumatatu moja.

Nami nikaona hapo ndipo tulipokuwa tunapotea tangu mwanzo. Kijana wetu ana mikataba miwili, na tulikuwa tunaizungumza kama mmoja. Ule wa karatasi ni wa miaka miwili, na mwenyewe ni tajiri wa shule, mtu mzima, anaweza kulipwa, kukatiwa hesabu, kukasirika na kupoa. Ule wa pili haukuandikwa. Unaishia Novemba, na wenyewe ni watoto ambao huwezi kukaa nao meza moja mkaafikiana. Kuuvunja wa kwanza ni biashara. Nilisema hivyo, nikamwona Maalim akikunja uso, kwa sababu kwake mkataba ni mkataba. Lakini hata yeye hakunijibu.

Aliyejibu ni DADA aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

DADA: Mnasema watoto kama kitu cha mbali. Mimi nilifundisha kambini. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, sisi watu wa Fizi na Kabambare tukajaa, na shule tulizifungua wenyewe kwa programu ya Congo, ili siku ya kurudi watoto wasianze upya. Tulikuwa tunapewa posho, si mshahara, mkimbizi haruhusiwi kuajiriwa hovyo. Shirika moja likatafuta wakalimani, Kiswahili na Kifaransa. Posho yao ilikuwa juu kidogo, na ofisini kuna kivuli na maji. Nikaacha darasa la sita mwezi wa tatu.

Nyie mwalimu wenu alikwenda Québec. Mimi ofisi yangu ilikuwa mita mia tatu kutoka darasani. Watoto wakawa wanakuja dirishani na madaftari. Hawanilaumu, wananiamkia tu, "Jambo Madamu," wanasimama. Mmoja ananionyesha zoezi nilisahihishe. Nilisahihisha, siku ya kwanza. Ya pili mkubwa wangu akaniambia wasije tena hapa. Nikawafukuza mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

KIJANA WA SALAMABILA: Ungebaki ungepata nini, dada yangu?

DADA: Nisingepata kitu. Na ingekuwa leo ningeondoka tena, nilikuwa na mtoto mchanga. Lakini ningeondoka mwezi wa saba.

Kijana wa Salamabila hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi, na kwa kweli hoja yake bado imesimama. Alisema Lubumbashi hawatangoja mpaka Novemba. Ukiwaambia subirini, kesho wamempata mwingine, kwani walimu wenye njaa Congo hii ni kama nyasi. Basi tutakuwa tumewapa watoto wa Watanzania wiki kumi, na sisi tumepoteza mshahara wa miaka. Je, wale watoto wa Kigoma wakifeli Kifaransa, somo la hiari, dunia itaanguka? Na watoto wa darasa la tano aliowaacha yeye mwenyewe Kabambare walisimamiwa na nani? Karani akasema prefe anayekuja Novemba si prefe, kwa sababu kazi ya prefe ni kupanga mwaka, na mwaka unapangwa Agosti. Hilo nalo ni kweli. Nilikuwa nimejiona nimepata jibu, kumbe nimepata nusu, kama mlinganyo wa Mzee.

Wakati wote huo MKE wake alikuwa mlangoni anachambua sombe. Ni binti wa Kabambare, Mbangubangu, watu wasiotupa neno ovyo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

MKE: Karani, ulisema sheria za kule. Za kwetu zinasemaje kuhusu mkataba?

KARANI: Kanuni ya kazi ya Congo ya 2002? Mkataba wa muda usizidi miaka miwili. Ila... (akasita) mfanyakazi aliyeoa akitenganishwa na familia yake, usizidi mwaka mmoja.

MKE: Mwaka mmoja.

KARANI: Lakini hiyo ni ya Congo, shemeji, Kigoma haifanyi kazi.

MKE: Nimesikia. Nilitaka tu kujua kama kuna mtu aliwahi kunifikiria. (Hakuna aliyecheka.) Mnapima Kigoma na Lubumbashi. Kutoka hapa kwenda Kigoma napita Kabambare, Fizi, Baraka, napanda boti. Lubumbashi ni nini? Nivuke Lualaba, nikangoje treni Samba, na treni ile mnaijua, inaweza kulala njiani wiki. Mnasema mshahara mara tatu. Hiyo nyumba wanayompa ina vyumba vingapi? Kama ni chumba cha mwanaume mmoja, basi amehama tu kutoka mbali kwenda mbali zaidi, na mwenye shule wa Kigoma na mimi tumeachwa sawasawa.

Mama yake akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani ndiyo mara ya kwanza niliona hivyo.

Mke akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua simu juu ya ndoo, akabonyeza. Hakusalimu sana. Alisema: "Baba watoto, tumesikia. Nijibu mawili kabla hawajakuandikia. Nyumba ya Lubumbashi ina vyumba vingapi. Na hao wa kidato cha nne ni wangapi, umewabakizia nini." Akaituma, akarudi kwenye sombe.

Tukala bukari, tukatawanyika. Jibu lilikuja alfajiri, maandishi, mistari miwili. Vyumba vitatu. Wanafunzi kumi na tisa, na wamebakiza uandishi wa barua rasmi.

Nilipofika barazani asubuhi nilimkuta Mzee amewahi, ana karatasi na kalamu ya wino, amekwisha kaa. Akasema barua ya kwanza iende Lubumbashi, si Kigoma: wamngoje mpaka mtihani uishe, na kwa hizi wiki kumi ratiba ya mwaka ataipanga kutoka huko huko kwa simu, bila malipo. Wakikataa, wamekataa. Karani atashughulikia ya mwenye shule. Nikaanza kuandika kwa Kifaransa. Mzee akanisimamisha mstari wa kwanza, akaninyang'anya karatasi. Nilikuwa nimeweka tarehe upande wa kushoto.